Mji Ulioligeuzia Ziwa Mgongo

Ukisimama kwenye kampasi ya Mutanga asubuhi isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Tanganyika limetandaa mbele yako na milima ya Kongo ng'ambo. Sisi wanafunzi tunalijua kwa tarakimu: kina mita 1,470, urefu zaidi ya kilomita 670, nchi nne zinaligawana. Mtihani ukija tunayaandika hayo bila kukosea. Lakini waulize wenzangu kumi ni nani aliyewahi kupanda mtumbwi. Mimi nimelelewa kando ya Zone Industrielle, ufukwe ukiwa mwendo wa miguu tu, na nilifikisha miaka ishirini na moja bila kupanda chombo chochote kinachoelea. Naandika haya kwa aibu, na pia kwa hasira.

Hasira ilianza mwaka jana, siku baba mdogo, ambaye ni mvuvi wa ndagala, alipokubali kunichukua kwenye boti lake dogo. Hatukwenda mbali. Tulifuata ufukwe tu, polepole, mji ukiwa upande mmoja. Nikauona mtaa wetu kwa nyuma. Kutoka barabarani, viwanda vinakuonyesha geti, kibao na mlinzi. Kutoka majini unaona midomo ya mifereji. Mmoja ulikuwa unatoa maji yenye povu, rangi yake siwezi kuitaja kwa neno moja. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo mto Ntahangwa nao ulikuwa unamwaga udongo wa milimani pamoja na chupa za plastiki, ndala na mifuko. Nilipiga kelele. Baba mdogo hakushtuka. "Sisi tunaviona kila siku," alisema. "Nani alishatuuliza?"

Ndiyo maana nasema: mji usiosafiri juu ya maji yake hauwezi kuyatunza. Makaratasi tunayo. Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulilinda ziwa hili mwaka 2003, na ofisi za mamlaka yake ziko hapa hapa Bujumbura. Sheria ya maji ya 2012 nayo ipo. Kinachokosekana ni macho. Wenye macho ni wavuvi, na wavuvi hawaitwi mkutanoni.

Kuna watu waliolielewa jambo hili zamani. Uingereza ilichimba mifereji mirefu kwa ajili ya makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Reli na malori yalipoichukua kazi hiyo, mifereji ikaachwa ijae tope na takataka. Mwaka 1944 Tom Rolt alichapisha kitabu kuhusu safari yake na mkewe ndani ya boti jembamba lililokuwa nyumba yao, na mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji hiyo. Waliopigana hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa watu wa maboti madogo, ambao takataka ziliwakwamisha wao wenyewe. Baadaye watu wa kujitolea waliingia topeni na majembe, siku za mapumziko, wakaifungua tena mifereji mingi. Anayepita mahali kwa chombo chake hupaona kuwa ni pake.

Hapa kwetu ukitaja safari za ziwani, wazee wa Buyenzi wanakimbilia Liemba: iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa, ikaibuliwa. Hadithi nzuri, naipenda. Lakini tutaisubiri meli kubwa mpaka lini?

Wengine wanasema kutembea ziwani ni starehe ya matajiri. Kweli, Jumapili utaona maboti ya watu wenye pesa yakizunguka mbele ya hoteli. Lakini yamekuwa ya matajiri kwa sababu njia za kufika majini zinazibwa na kuta na viingilio, moja baada ya nyingine. Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukasema hapendi kuingia.

Wengine, akiwemo mama yangu, wanasema ziwa linaua. Siwezi kubishana na mama, na kweli watu wamezama. Ila tuseme wamezama vipi: boti limejazwa kupita kiasi, abiria hawana jaketi za kujiokoa, hawajui kuogelea, na nahodha ametoka siku ambayo upepo wa kiangazi umechafuka. Barabara pia inaua, na hakuna aliyetuambia tusipande basi. Petroli ikiadimika, kama tulivyozoea, tunalala kwenye foleni badala ya kuuliza kwa nini Rumonge na Nyanza-Lac, zilizo kwenye ufukwe huu huu, tunaziwaza kwa barabara tu.

Sidai bandari mpya. Nataka gati moja la umma karibu na mtaa wa viwanda, ambalo mtoto wa kibarua ataingia bila kulipa. Nataka shule zetu zifundishe kuogelea. Na nataka darasa letu, kabla ya kuandika tena "mita 1,470" kwenye karatasi ya mtihani, lipelekwe kupita mbele ya ile midomo ya mifereji, likiwa na daftari.

Nilimuuliza baba mdogo angetutoza kiasi gani. Akacheka. "Faranga zenu kaeni nazo. Nileteeni jaketi ishirini."