Wazee, msitupe simu. Tupeni kiti

Kuna kazi moja ambayo kila kikundi kinachokufa humpa kijana: "Wewe unajua mambo ya simu, tufungulie ukurasa." Nimeshaombwa hivyo na kanisa, na timu ya mpira, na sasa na chama cha wanaume ambacho marehemu babangu alikuwa mwanachama. Mimi nakula kwa kutengeneza video, kwa hivyo niaminini: hakuna video itaokoa chama ambacho mgeni akikuja anakaa masaa matatu kwa kiti cha plastiki akisikiza wazee wakibishania kumbukumbu za mkutano wa mwaka jana.

Chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Kilianzishwa hapa Eastlands miaka ya 1980 na wanaume waliokuja Nairobi kutafuta kazi bila ndugu wa karibu. Ukigonjeka, unatembelewa. Ukifiwa, gari la kubeba mwili linapatikana na matanga yanakula. Kila mkutano unafunguliwa kwa kusoma majina ya wanachama walioenda, watu wote wamesimama, kofia mkononi. Walikuwa zaidi ya 60. Nilipoingia tukawa 20, na mimi na miaka yangu 23 nilikuwa mdogo wao kwa mbali sana. Mwezi ujao tunapiga kura: tugawane pesa iliyo benki tufunge, ama tuendelee.

Hiyo kura ndiyo imenifanya nisome kuhusu loji. Si ile ya mia tano karibu na steji, tulia. Naongea kuhusu loji za udugu, kama za Freemason. Na najua kuna msee tayari anatafuta damu na mbuzi mweusi. Kenya hiyo hofu iko hadi kwa faili ya serikali: Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, ripoti ikatolewa 1999, na Freemason wakatajwa. Jumba lao bado liko Nyerere Road, unalipita ukienda tao. Sijawahi kuingia na siwapigii debe. Kitu ningependa kuwaibia ni vile wanabadilisha viongozi.

Mkuu wa loji kwa kawaida anakaa kitini mwaka mmoja. Chini yake kuna viti vingine: wa kulinda mlango, mashemasi, wasimamizi wawili. Kwa loji nyingi unapanda kiti baada ya kiti, kwa hivyo ukifika juu unajua mlango hufungwa vipi na nani hulalamika akikosa chai. Mkuu aliyetoka haendi nyumbani kununa. Anabaki hapo karibu, mwaka huo ni wa kumshauri mwenye amechukua. Sasa linganisha na kwetu. Mwenyekiti amekaa tangu mimi niko nasari. Si mwizi, na ni mtu mzuri kabisa. Lakini hakuna mtu mwingine anajua passwadi ya chochote, na daftari la michango liko kwa droo yake ya kitanda.

Na msidhani mpango wa viti peke yake unatosha. Marekani, Freemason walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 1959. Leo hawafiki milioni 1. Wanaume waliotoka vita vya pili vya dunia walijaza loji, watoto wao hawakuwafuata. Kuna sehemu walijaribu kurahisisha: mtu anapewa daraja zote tatu kwa siku moja, asubuhi mgeni, jioni ndugu kamili. Namba ziliendelea kushuka. Hiyo ndiyo sehemu imenikaa kichwani, kwa sababu hata sisi kuna mwanachama amependekeza tuache kusoma majina ya wafu ndiyo vijana wasiboeke. Bana, hicho ndicho kitu pekee kilinishika siku ya kwanza. Jina la babangu lilisomwa na mtu ambaye simjui, na alilisoma polepole.

Mtu asiniambie pia kwamba haya ni mambo ya wazungu. Pwani kulikuwa na vyama vya beni tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa. Ngoma na gwaride, ndiyo, lakini pia vyeo, sare, michango na kusaidiana kwa shida. Vikaenea hadi Tanganyika na mbele, na waliobeba wengi walikuwa makarani na askari, watu wa mjini, mbali na kwao. Yaani sisi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kila mtu huniuliza kuhusu digrii. Hakuna huuliza kuhusu watu, na hao ndio niliwapoteza. Nina wafuasi wengi, lakini nikinyamaza wiki mbili, hao wafuasi wanaletewa video ya mtu mwingine. Kwa chama, katibu anasoma majina ya walio hai pia, na usipoitika mara mbili kuna mzee atagonga mlango wako.

Kwa hivyo ukurasa nilikataa. Niliomba kazi ya kutembelea wagonjwa, kwa sababu aliyekuwa nayo miguu imechoka. Siku moja nilienda hospitali na jirani mwenye boda na rafiki yangu fundi wa simu, kunisindikiza tu. Tukamkuta mzee mmoja wetu akinyolewa ndevu kitandani na mwanachama mwenzake, taratibu, wakibishana kuhusu Gor Mahia. Tukishuka ngazi yule wa boda akaniuliza, "Na mimi nikianguka na pikipiki?" Wote wawili walijiunga mwezi huo. Sikuwa nimepiga hata picha moja.

Nikipewa nafasi, nataka uongozi wa mwaka mmoja, na kila kiti kiwe na naibu mdogo kwa umri anayejua atakikalia mwaka unaofuata. Hesabu ije kwa simu ya kila mtu kila mwezi. Mkutano uwe saa moja halafu tule. Mamangu ako kwa chama cha wamama wanaofanya hivi miaka yote, ukichelewa unatoa shilingi 50 hata kama ulikuwa maternity, na hakuna hata siku moja wamekosa mtu wa kuongoza.

Tukigawana, kila mtu anatoka na kama elfu 29. Kwangu hiyo ni simu moja. Kwa mzee asiye na pensheni ni dawa za miezi kadhaa, na siwezi kumkasirikia akiitaka. Namuuliza tu ni nani atambeba.

Tuko 22 sasa. Kwa hesabu yangu 11 wanataka kugawana, 10 tunataka kuendelea. Aliyebaki ni mwenyekiti, na hajasema kitu.