Dereva Asilipishwe Miguu ya Motokaa



Mimi ni mfanya kazi wa reli, si dereva wa motokaa, na huenda mtu akauliza nimeingiaje katika habari hizi. Nimeingia kwa sababu jirani yangu hapa Chepseon, mtu mzima mwenye watoto watano, anakatwa mshahara kila mwezi kwa kosa ambalo mimi naona si lake. Tena najua hayuko peke yake. Ninyi mnaoendesha magari ya waajiri katika nchi hii ya chai, kutoka Londiani mpaka Bomet, mtaniambia kama nasema uongo.

Jirani huyu anaendesha motokaa kubwa ya namna ya Prado, mali ya mwajiri mmoja ambaye sitamtaja. Kila asubuhi huacha lami ya barabara kuu, akashuka njia za changarawe kati ya mashamba, amebeba watu na mizigo, na jioni akapanda tena. Mwaka jana miguu ya mbele ilifanywa upya, yaani shoka, bushi za mpira, na vile viungo vya chuma vyenye kichwa cha mviringo ambavyo mafundi huviita boljointi. Haikufika kilomita 15,000, miguu ikawa imekwisha tena. Motokaa ikapiga kelele ko-ko-ko kila shimo, na tairi za mbele zikalika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana.

Basi akaitwa ofisini. Karani alikuwa amekwisha andika barua, na sababu ilikuwa maneno mawili tu: "uendeshaji mbaya". Alipe shilingi 36,000, zikatwe 3,000 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Alipouliza nani ameipima motokaa, akaambiwa, "Mzee, wewe ndiye uliyekuwa umeshika usukani." Akatia sahihi, maana alidokezwa kwamba asipotia sahihi funguo atapewa kijana mwingine.

Sasa nataka kueleza jinsi chuma kinavyokufa, maana wenye kuandika barua hawaingii chini ya motokaa. Kile kichwa cha mviringo hukaa ndani ya kikombe chake chenye grisi, na juu yake kimefunikwa kifuniko cha mpira. Uhai wote wa kiungo ni kile kifuniko. Kikipasuka kidogo tu, maji huingia, grisi hutoka, na mchanga hukaa mahali pa grisi. Tangu hapo kila mzunguko wa gurudumu ni kama kusaga mahindi. Na huku kwetu mvua hainyeshi kwa msimu mmoja ikaisha. Kericho hupata hata zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Tope la changarawe linashinda juu ya mpira ule karibu kila siku. Ongeza mashimo, ongeza matuta ya barabarani, ongeza watu tisa na magunia katika motokaa iliyofanyizwa kwa watu saba, na tairi zilizojazwa upepo kupita kiasi mpaka zimekuwa ngumu kama jiwe. Dereva gani atafanya miguu hiyo idumu?

Tena kuna habari ya vipuri. Dukani kuna kiungo cha bei kubwa na kingine kinachofanana nacho kwa sura, kwa robo ya bei. Anayechagua si dereva, ni ofisi. Kiungo cha bei ndogo kikifa upesi, ofisi imeokoa fedha mara ya kwanza, na mara ya pili inamlipisha dereva! Na nyingi za motokaa hizi zimekuja kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Sheria ya Kenya inaruhusu zisizozidi miaka minane, kwa hiyo bushi zake zaweza kuwa zimezeeka kabla hazijaona Mombasa.

Hata kiwanda huweza kukosa. Mwaka 2005 kampuni ya Toyota iliyaita magari zaidi ya 700,000 huko Marekani, ya namna ya Tacoma, Tundra, 4Runner na Sequoia, kwa sababu kichwa cha kiungo cha mbele hakikulainishwa sawasawa kilipofanyizwa, kikaweza kulika mapema na kumpotezea dereva usukani. Sikusikia kwamba madereva wa Marekani waliandikiwa barua za uendeshaji mbaya.

Sisi wa reli tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Njia ya reli inashuka kutoka Mau Summit, zaidi ya futi 8,000 juu, mpaka Kisumu pwani ya ziwa, na kona zake ni nyingi. Ukingo wa gurudumu hulika katika kona, na kila mtu wa karakana anajua. Gurudumu hupimwa, kipimo huandikwa kitabuni, na likifika mwisho wake huondolewa. Sijaona dereva wa garimoshi akilipishwa ukingo wa gurudumu kwa sababu reli ina kona.

Sheria nayo haiko upande wa karani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa uharibifu umeletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu! Kulika kwa bushi ni makusudi ya nani? Mwenye kudai makusudi na ayaonyeshe.

Sisemi hakuna dereva mbaya. Wako, na ninawajua wawili hapa sokoni wanaoruka matuta kama mbuzi. Lakini dereva mbaya huonekana kwa alama: rimu imepindika, chuma kimekunjika kwa pigo moja. Mpira uliopasuka na kikombe kilichosagika polepole ni alama ya njia, ya mzigo na ya kukosa kutunzwa. Fundi wa kweli hutofautisha mambo haya kwa dakika kumi.

Na hii si habari ya shilingi tu. Kiungo cha chini kikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna kazi tena. Fikirini hayo kwenye mteremko, motokaa imejaa. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori liliacha njia likaua watu zaidi ya 50 waliokuwa sokoni na kando ya barabara. Sisemi lori lile lilikuwa na ubovu huu. Nasema kwamba sisi wa upande huu tumezika vya kutosha.

Kwa hiyo dereva awe na daftari lake mwenyewe. Kila asubuhi aandike kilomita, mzigo, na kelele aliyoisikia, na akiripoti, aliyepokea ripoti atie sahihi. Kila kilomita 5,000 motokaa iinuliwe kwa jeki, gurudumu lishikwe juu na chini litikiswe. Likicheza, lisemwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inataka mfanya kazi aripoti hatari iliyo kubwa, na haitaki arudishwe kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na asitie sahihi barua ya makato bila mwakilishi wa chama kuwapo. Chama nacho kidai fundi wa nje aipime motokaa kabla ya senti moja kukatwa.

Jirani yangu sasa amekwisha katwa miezi minne, shilingi 12,000. Nilikwenda naye ofisini mwezi uliopita pamoja na mwakilishi wa chama chake, tukaambiwa jambo litatazamwa. Motokaa imetiwa viungo vile vile vya bei ndogo. Juzi jioni alinipitisha njia ya kwenda nyumbani, na kabla hatujafika dukani niliisikia, upande wa kushoto: ko, ko. Ameiandika katika daftari, kilomita 9,200.