Msindano usivunwe mchanga

Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, lilianza kwa majaribio mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata kuanzia miaka ya 1960. Leo eneo lake linazidi hekta 135,000. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza kazi mwaka 1985, kilikuta miti tayari, kwa sababu kuna watu waliopanda, wakapogoa na kupunguza miti pasipo kutarajia faida ya haraka. Wananchi wa Mufindi, Njombe na Makete wameiga upandaji huo kwa bidii ya kupongezwa. Kilichobaki nyuma ni subira. Msindano unaohitaji miaka kumi na minane au zaidi huangushwa ukiwa na minane au kumi, ukapasuliwa kwa mashine ya dingdong palepale shambani. Mbao yake ni nyepesi, ina vifundo vya matawi yasiyopogolewa, na ikikaukia juu ya kenchi hupinda na kung'oa misumari. Mnunuzi anajua hayo, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Mkulima anauza mti wakati ule ule unapoanza kunenepa.

Wapo watakaosema ada ya shule haingoji msindano ukomae. Ni kweli, na kumlaumu mzazi huyo ni kumwonea. Lakini shida yake ni fedha ya leo, na shamba lililosimama ni mali. SACCOS na benki zinazopokea hati ya nyumba zingeweza kupokea shamba la miti lililopimwa na kutunzwa kuwa dhamana. Hofu yao kubwa ni moto, nayo ina msingi. Mkopo na uende kwa vikundi vinavyofyeka njia za moto kila kiangazi na kulinda kwa zamu.

Pingamizi la maji ni zito zaidi. Milingoti iliyopandwa kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hunyonya maji ya bonde, na hapo sina utetezi: ing'olewe. Sao Hill yenyewe haikupandwa yote. Sehemu kubwa imeachwa kuwa msitu wa asili wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Mwenye ekari tano naye anaweza kuacha bonde lake na kupanda mlimani, mradi miti ya mlimani imlipe vya kutosha, na haitamlipa hivyo akiivuna michanga.