Gogo Limekosa Wakili

Mmezisikia hoja za watetezi wa gogo la bucha hapa Morogoro, iwe Soko la Chifu Kingalu, Mawenzi au ndani ya daladala za Kihonda: kumtaka mwenye bucha aachane na gogo na shoka, aweke kioo na kuhifadhi nyama kwenye baridi ni kumwonea mnyonge. Nimezisikiliza zote, nyingine hadi zimenichosha. Nyinyi ndio mahakimu, tuzipime.

Wanaanza na mababu. Walikata nyama kwenye gogo, wakala, wakazeeka. Kula walikula. Lakini babu wa Matombo au Mgeta akichinja mbuzi asubuhi, mchana mbuzi ameshagawanywa na jioni mbwa wanagombea mifupa. Nyama ya bucha la mjini hutoka machinjioni alfajiri ikatundikwa mlangoni mpaka jua linazama, na Morogoro nyuzi 30 si jambo la ajabu. Katika joto linalowafaa, bakteria kama E. koli huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Babu hakuwapa muda huo. Isitoshe, ushahidi wenyewe una kasoro: waliozeeka ndio tunaowaona. Aliyekufa kwa kuhara akiwa mtoto hana mjukuu wa kumsemea.

Huu ni mji wa chuo kikuu cha SUA, kwa hiyo wapo pia watetezi waliosoma. Hao wataleta utafiti wa Dean Cliver wa Marekani, wa miaka ya 1990, ulioona kwamba bakteria waliowekwa juu ya ubao hawakupatikana tena kirahisi kama kwenye plastiki. Utafiti upo, na haujatajwa kwa uongo. Ila ulihusu vibao vya jikoni. Kibao cha jikoni unakiinua, unakiosha, unakianika. Gogo la bucha linapasuliwa kwa shoka kutwa nzima, damu inaingia kwenye nyufa, na halibebeki hadi bombani. Anayemwita Cliver kuwa shahidi akubali kwanza kuliosha na kulikausha.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoipenda: nyama ina mhuri, daktari ameshaipitisha, mnataka nini tena? Mhuri unasema kwamba mnyama huyu, saa ile, alikaguliwa akaonekana anafaa kuliwa. Haujui lolote kuhusu gari lililoibeba nyama, wala mkono unaopokea noti kisha ukarudi kwenye maini bila kunawa. Na angalieni mkanganyiko huu: watu walewale, bwana afya akiingia dukani, wanasema wakaguzi ni wala rushwa wasioaminika. Kama hawaaminiki dukani, machinjioni waliaminika vipi?

Ukiwabana hapo wanakimbilia moto: nyama yetu inachemshwa au inachomwa, vijidudu vyote vinakufa. Vingi vinakufa, ni kweli. Ila majimaji ya nyama mbichi yaliyobaki kwenye kisu na kibao yanahamia kwenye kachumbari, na kachumbari haichemshwi. Halafu bakteria wa stafilokokasi, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono, akipata joto na muda hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Basi tazameni: kabla ya bucha alaumiwe daktari, baada ya bucha ahangaike mpishi. Katikati hapo, anapolipwa mwenye duka, hakuna anayewajibika.

Wanasema mteja hataki nyama ya baridi, ataiona ni kiporo. Kweli, wengi wanataka nyama ya moto ya leo. Lakini zikibaki kilo kumi jioni zinapelekwa wapi? Kwenye friza. Asubuhi zinatundikwa pamoja na mpya, kwa bei ileile, na mteja haambiwi. Baridi inayofukuza wateja mchana inageuka mwokozi usiku.

Hoja ya gharama ndiyo yenye uzito. Msumeno wa umeme wa kushika nafasi ya shoka si wa bei ya mchezo, na LUKU haina huruma. Mwenye bucha dogo akilazimishwa kuununua kesho atafunga. Nawaunga mkono hapo. Lakini msumeno wa mkono hauli umeme. Ndoo za koki za kunawia mikono zilisimama kwenye milango ya maduka mwaka 2020, korona ilipoingia, zimekwenda wapi? Na kumwachia mmoja akate, mwingine apokee pesa, kunagharimu nini pale wanapofanya kazi wawili?

Wasiseme pia wameshtukizwa. Sheria ya Tasnia ya Nyama, iliyounda Bodi ya Nyama, ni ya mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo anapiga kura. Na onyo jingine lilikuja mwaka 2007: Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia mkoani Morogoro, walaji waliikimbia nyama bila kuuliza bucha gani safi na lipi chafu. Hakuna kilichoyatofautisha mabucha.

Hukumu mnayo nyinyi, maana pesa iko mkononi mwenu. Kesho, kabla hujaitoa, muulize muuzaji: nyama iliyobaki jana iko wapi? Usipokee kilo yako mpaka akujibu.