Wahungaria na Nyimbo za Vita Walivyoshindwa

Wapo walimu wa fasihi simulizi wanaoshikilia kwamba nyimbo za kihistoria huzaliwa na ushindi. Ningependa kuwaalika waitazame Hungaria.

Mnamo tarehe 15 Machi 1848 wakazi wa Pest waliinuka dhidi ya utawala wa Habsburg. Aprili 1849 uhuru ukatangazwa mjini Debrecen, Lajos Kossuth akiwa kiongozi. Ulidumu miezi minne tu. Mfalme wa Urusi alileta majeshi kuisaidia Vienna. Agosti Wahungaria wakaweka silaha chini, na tarehe 6 Oktoba majenerali 13 wakauawa mjini Arad. Kossuth alifia uhamishoni Turin, mwaka 1894.

Ajabu ni kuwa wimbo mashuhuri kabisa wa wakulima juu ya Kossuth hauzungumzii kushindwa hata kidogo. Ndani yake kiongozi anatuma ujumbe kwamba askari wamempungukia. Akituma tena, hapana budi wote waende. Mwanaisimu hawezi kulipita sharti hilo bila kusimama. Vita vilikwisha, lakini kitenzi cha wimbo hakijakoma: kila auimbaye angali anangoja ujumbe wa pili. Kitabu cha historia hakina njeo ya namna hiyo.

Hata hivyo, nisieleweke kudai kwamba kila wimbo ni shahidi mwaminifu. Uasi wa Ferenc Rákóczi (1703–1711) nao uliambulia patupu. Katika karne ya 19 mwanahistoria Kálmán Thaly alichapisha mashairi aliyoyatoa kuwa ya zama hizo, na wasomaji wakayapenda mno. Mwaka 1913, Thaly akiwa amekwisha fariki, mhakiki Frigyes Riedl alidhihirisha kwamba kadhaa kati ya yale yaliyosifiwa zaidi yalitungwa na Thaly mwenyewe! Lugha yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfichua.

Mlinganishe na Béla Bartók na Zoltán Kodály, ambao tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walizunguka vijijini wakinasa sauti za wakulima kwa fonografu. Kwa hiyo, mwalimu anayewatuma wanafunzi kukusanya nyimbo afadhali atoe alama nyingi kwa jina la mwimbaji, kijiji chake na tarehe, kuliko kwa utamu wa ubeti. Mashairi ya Thaly si mabaya. Ni ya karne ya 19 tu.