Mngojeni Mhudumu wa Afya Kama Mnavyomngoja Bwana Shamba

Wakulima wa Kibirichia, Bwana Shamba akileta habari kwamba atakuja kutazama viazi vyenye mnyauko, ninyi humngoja shambani tangu asubuhi. Lakini mhudumu wa afya akipiga hodi, mara nyingi hukuta mlango umefungwa, na mzee ameachwa uani pamoja na kuku.

Tarehe 25 Septemba 2023 Serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Kila mmoja ana nyumba kama 100 za kuzungukia. Kupimwa ni bure, maana fedha zimekwisha kutoka katika kodi zetu.

Sasa fikirini Marsabit. Nchi ile ni karibu mara kumi ya Meru kwa ukubwa, na katika hesabu ya mwaka 2019 watu wake hawakufika nusu milioni, hali Meru walipita milioni moja na nusu. Huko nyumba 100 ni safari ya siku nyingi, tena wafugaji huhama wakifuata malisho. Wakikosa kupimwa, sababu yaonekana. Kwa maoni yangu posho ya mhudumu ingetazama mwendo wake pia.

Lakini sisi tuna sababu gani? Mashamba yetu yamepakana. Shinikizo la damu kwa kawaida halimwumizi mtu apate kujua. Wengine hulijua siku ya kupooza. Mwambieni mhudumu siku mtakayokuwapo nyumbani, hata ikiwa ni jioni baada ya kukama.