Ugonjwa Haujui Cheo

Tarehe 7 Januari, 2012, katika hospitali ya Lenox Hill mjini New York, mwimbaji mashuhuri Beyoncé alijifungua mtoto wa kike. Mtoto ni baraka, kwa tajiri na kwa maskini. Lakini siku zile zile wazazi wengine, ambao watoto wao wachanga walikuwa mahututi humo humo, walilalamika kwamba walinzi waliwazuia kupita kwenda kuwaona. Ilivuma pia kwamba orofa nzima ilikodiwa kwa dola 1,300,000. Wakuu wa hospitali wakakana, wakasema alilipishwa bei ya kawaida ya chumba cha daraja la juu.

Ya fedha tuyaache. Sisi hatumwonei mtu wivu kwa shuka laini na chakula kizuri. Lakini njia ya kumfikia mtoto mgonjwa haina bei, wala muuguzi mmoja hawezi kusimama penye vitanda viwili kwa wakati mmoja. Husemwa kwamba malipo ya wakubwa husaidia kuwatibu wadogo. Vema, na yasaidie. Ila yasinunue zamu ya mtu mwingine.

Tena, wakubwa wenyewe hudhurika kwa heshima hiyo. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Marekani, Walter Weintraub, aliandika kwamba mgonjwa mwenye cheo aweza kutibiwa vibaya kuliko wengine, kwa kuwa matabibu huyumba mbele ya ukubwa wake. Michael Jackson alikuwa na daktari wake mwenyewe nyumbani. Mwaka 2009 alikufa kwa dawa ya usingizi itumikayo katika upasuaji, naye alikuwa chumbani kwake, pasipo vyombo vya hospitali. Mwaka 2011 mahakama ilimtia daktari huyo hatiani. Mwenye fedha nyingi alikosa kitu kimoja apatacho mkulima katika zahanati: mtu wa kumwambia, "Hapana, dawa hii hupewi."

Ndugu wanachama na wafanyakazi, jambo hili si la New York peke yake. Nasi tunao wakubwa wetu, na milango yetu ya hospitali, na benchi za kungojea. Kiongozi akifika hapo akaitwa mbele kwa ajili ya jina lake, yampasa atazame nyuma yake kwanza. Akimwona mama aliyepakata mtoto mwenye homa kali, na aseme: "Mama, tangulia."